Mkanda Usiporudishwa

Hadi nilipotimiza miaka ishirini na sita, nikiwa na masharubu, mke, na ushauri wa bure kwa kila aliyepita mlangoni kwangu, niliamini kwamba watu wanaoonekana kwenye sinema wamo ndani ya mkanda wenyewe, na kwamba mkanda usiporudishwa nyuma baada ya onyesho, watu hao hawarudi makwao.

Sikuliamini jambo hili juu juu. Nililiamini kama ninavyoamini kwamba korosho mbichi inababua midomo. Habari yenyewe niliipata kwa binamu yangu, kwenye uwanja wa Chikongola, mjini kwetu, siku gari la sinema lilipokuja kutuonyesha faida za kuchimba choo. Picha ilipokwisha, watu elfu kumi wakaanza kutawanyika. Naona unaguna. Haya, walikuwa mia tatu, lakini vumbi lilikuwa la elfu kumi. Mwendeshaji wa mashine akabaki amekalia kreti tupu la soda, anazungusha mkono wa mashine, gurudumu moja linapungua na jingine linajaa. Nikamuuliza binamu yangu yule bwana anafanya nini. Akajibu bila kucheka kwamba anawarudisha watu makwao, na kwa kuwa leo walikuwa wengi atachelewa kula. Nikauliza, na asipowarudisha? Akasema watabaki humo humo, na huko kwao watu watakaa matanga.

Ushahidi niliupata mwenyewe. Kwenye picha ile kulikuwa na mzee mmoja aliyekunywa maji ya kisima kibovu, akaugua, akafa, akazikwa, nikamwona kwa macho yangu anafukiwa. Siku mbili baadaye gari likaonyesha upande wa pili wa mji, nikalifuata, nikamkuta mzee yuko kisimani, mzima wa afya, anakunywa maji yale yale. Nikasema kimoyomoyo: karudishwa, na hajajifunza kitu.

Kwa hiyo, miaka ya mwanzo ya sabini, darasa letu la watu wazima lilipotangaziwa kwamba litafundishwa mambo ya habari na sinema, mimi nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Wenzangu walitaka kujifunza kupiga picha. Mimi nilitaka kujifunza kurudisha watu.

Siku za kazi nilikuwa mshona magunia kwenye ghala la korosho, na mafuta ya maganda yalikuwa yameniunguza mikono ikawa myeusi kama masizi ya chungu. Masomo ya kusoma na kuhesabu tulisoma jioni, lakini sinema tulifundishwa Jumamosi alasiri, kwenye chumba cha shule ya msingi. Ili pawe giza tulitundika magunia madirishani, magunia yangu mwenyewe niliyoyaazima ghalani bila kumwambia mtu. Wanafunzi kumi na wawili, projekta moja inayochemka, mabati juu. Siku moja yai lilidondoka kutoka kwenye kiota cha kuku kilichokuwa dirishani, likafika chini limeshaiva. Niamini.

Mwalimu wetu wa sinema alikuwa kijana aliyesomea ng'ambo miezi tisa akarudi na koti la kodrai. Alilivaa kila Jumamosi, jasho likimtiririka mpaka viatu vikawa vinalia. Fimbo hakuwa nayo, ulimi ulimtosha. Alitufundisha kwamba ukiupitisha mkanda kwenye projekta lazima uache kitanzi kidogo juu ya lenzi na kingine chini, mkanda upate pa kupumulia. Siku yangu ya kwanza niliukaza kama kamba ya kitanda, ukakatika. Mwalimu akaokota kipande kilichokatika, akanivisha shingoni, akaniambia nizunguke uwanja wa mpira nikisema kwa sauti kwamba mimi ni mshona magunia na sinema si gunia. Nikazunguka. Watoto walionifuata nyuma walijaa wilaya nzima, na mke wangu alipata habari kabla sijamaliza mzunguko wa pili. Darasani walicheka mpaka mmoja akatapika. Wiki iliyofuata alikosea mwingine, nikacheka mimi, na nadhani nilicheka zaidi ya wote.

Ndivyo tulivyokuwa. Lile lilikuwa darasa la kuchekana, na kila mmoja alikuwa akimtafuta wa chini yake.

Jirani yangu wa dawati alikuwa karani wa bandarini, kalamu tatu mfukoni na inayoandika ni moja. Huyo ndiye niliyemweleza siri yangu juu ya kurudisha mkanda. Nilikuwa nimeshafundishwa kwamba sekunde moja ya sinema ni picha ishirini na nne, na hilo badala ya kunitoa ujingani likanizamisha: mtu akishakatwa vipande ishirini na nne kwa sekunde, si lazima arudishwe kwa utaratibu? Karani akanitazama kama mtu aliyeokota pochi njiani na mwenyewe haonekani. Akaniambia ni kweli kabisa, ila nisimuulize mwalimu, kwa sababu hiyo ndiyo siri ya kazi na wakubwa hawapendi itajwe.

Kazi yetu ya kwanza ya kupiga picha ilikuwa kijijini Ziwani. Tulikwenda kwa lori, mimi nimekumbatia miguu mitatu ya kamera, kupiga picha ya wananchi wakipanda mihogo kwa pamoja. Mwalimu alikuwa na sheria moja aliyoiimba njia nzima: anayepigwa picha asiangalie lenzi. Akiangalia lenzi, picha imekufa. Tukawaeleza wananchi. Wakaitikia vizuri, wakainama, wakalima kama hatupo.

Kulikuwa na mama mmoja pale, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyevuka na mwanawe wakati vita vilipochoma kijiji chao. Alikuwa na nembo usoni, mistari iliyopangwa vizuri kutoka paji mpaka kidevuni. Mimi ni Mmakua, na Mmakua na Mmakonde kwetu ni watani, kwa hiyo nilipomwona tu nikamuuliza ni mwalimu gani aliyemwandika uso akaondoka bila kumaliza hesabu. Akaiangalia mikono yangu akaniuliza leo nimebanika panya wangapi. Tukaelewana pale pale. Tangu siku hiyo hatukuitana ila mtani.

Mwanawe alikuwa kijana mrefu wa miaka kama kumi na tisa. Kamera ikiwa inaunguruma, akaweka jembe chini, akang'oa muhogo uliokomaa pembeni ya shamba, akaumenya kwa meno, akauma kipande, kisha akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya kamera, akanyoosha mkono na kile kilichobaki, anatabasamu, anaangalia katikati ya lenzi. Mwalimu akazima mashine. Akamuuliza kijana kama hana masikio. Kijana akatahayari, akamtazama mama yake. Mama akasema, tena kwa heshima, kwamba yeye ndiye aliyemtuma. Wageni wamesimama juani tangu asubuhi hawajaonja kitu.

"Na mgeni unamkaribisha ukiangalia wapi, mwalimu? Miguuni?"

Mwalimu akanigeukia. Akaniamuru niandike kwenye daftari: sekunde nane, mbovu, kata.

Mkanda ukapelekwa Dar es Salaam kwa meli kwenda kuoshwa, ukakaa huko miezi minne. Katikati ya miezi hiyo, kijana yule aliondoka na wenzake kuvuka mto kwenda kumtazama bibi yake aliyebaki upande wa pili. Wenzake walirudi. Walisema alikanyaga bomu lililofukiwa, karibu na maji, na hakukuwa na cha kubeba.

Sisi tulipata habari hiyo darasani, na wiki ile ile mkanda ukafika. Mwalimu alifungua kopo, akasonya. Kule walikoosha hawakuurudisha. Ulikuwa umekuja mkia nje, mwisho ukiwa juu na mwanzo ndani. Wengine waliona uvivu wa watu wa Dar. Mimi nywele zilinisimama. Mbele yangu nilikuwa na kifo na sababu yake. Wamemwosha, hawakumrudisha, kijana kaishia huko! Kwa nini wale wananchi arobaini wengine waliokuwa kwenye mkanda ule ule walikuwa wazima wanapalilia mihogo yao, hilo halikunipitia kichwani hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata mama akaja. Alikuwa akileta makopa ya muhogo kuuza sokoni Chikongola, kapu kichwani, kwa miguu kutoka Ziwani, na baada ya soko akatufuata shuleni. Alisimama mlangoni, vumbi mpaka magotini.

"Mtani," akaniambia, "nasikia mwanangu yumo humo ndani."

Nikamwambia yumo. Mwalimu, ambaye siku hiyo alikuwa na moyo mwepesi, akakubali aonyeshwe mara moja. Akaketi sakafuni karibu na projekta, akatoa ukili ndani ya kapu, ule utepe wa ukindu unaosukwa mrefu kisha unashonwa kuwa mkeka, na magunia yaliposhushwa madirishani akaendelea kuusuka gizani bila kuuangalia. Picha ikaanza. Wananchi wakainuka na kuinama. Kisha kijana akatokea, akatembea kutujia, akanyoosha mkono na muhogo, akatabasamu. Vidole vya mama vikasimama. Sekunde nane. Picha ya kijana ikapita, vidole vikaendelea.

Hakulia, na hiyo ilituudhi kidogo. Tulikuwa tumejiandaa kumwona analia.

Akaja Jumamosi ya pili, na ya tatu. Mwalimu alikuwa akichelewa, kwa hiyo mashine tulikuwa nayo mimi na karani. Hapo ndipo karani alipomwambia, akiwa ameukaza uso kama hakimu, kwamba mimi ni fundi wa kurudisha watu, na kama mkanda ukirudishwa sawasawa, taratibu, bila kuruka hata jino moja la mashine, mwanawe anaweza kufika. Yeye alikuwa anacheza. Mimi nilikuwa nathibitisha. Nikamweleza mama mambo yote, vipande ishirini na nne, uzembe wa Dar, mzee wa kisimani, nikiwa na huruma ya kweli na majivuno ya kweli. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza afanye nini.

Karani akatunga masharti. Afagie darasa kwanza. Alete muhogo wa kuchemsha wa kututosha sote. Wakati wa kurudisha, ageukie ukuta wa pembeni na asiangalie nyuma. Mama akafagia. Alileta muhogo na nazi yake tukala. Aligeukia ukutani, ukili mapajani, mimi nikizungusha mkono wa mashine kwa ibada yote, jasho likinitoka, na nyuma yangu wanafunzi kumi wameuma vidole wasisikike wanacheka. Ilikuwa hivyo Jumamosi sita. Baada ya kila Jumamosi alikuwa akiniuliza jambo moja tu: wiki ijayo utamwonyesha tena? Nami nikimjibu, nikionyesha ndipo nirudishe, mtani, hakuna njia nyingine.

Jumamosi moja karani akagundua kwamba projekta ile ilikuwa na kishikizo cha kuendesha picha kinyumenyume huku taa inawaka. Akakisukuma kijana alipokuwa amefika mbele kabisa. Kijana akaurudisha mkono na muhogo. Akatutazama akitabasamu na kuanza kutembea kinyumenyume, mbali na sisi, mguu baada ya mguu. Kipande kikamtoka mdomoni kikajibandika kwenye muhogo, maganda yakaruka kutoka chini yakamfunika, akauchomeka muhogo ardhini na udongo ukajifunga. Darasa likapasuka. Sijasikia kicheko kama kile maishani; bati lilitikisika, nasikia meli bandarini ilipiga honi kuitikia. Mmoja akapiga kelele kwamba anarudi kwao kwa kinyumenyume asije akakanyaga tena. Na mimi, fundi wa kurudisha watu, niliyeamini kwamba pale mbele yangu kazi takatifu inatendeka, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Mama hakugeukia ukuta siku ile. Aliangalia yote. Tulipotulia akamwambia karani aendeshe tena mbele, amuache afike.

Kisha ukaja mtihani. Kila mmoja alipewa kazi yake, na yangu ilikuwa kuukata na kuuunganisha mkanda wa Ziwani uwe picha safi isiyo na kasoro, tayari kuonyeshwa kwa wakubwa wa elimu. Nikifaulu, napata cheti. Na kwenye gari la sinema kulikuwa na nafasi ya msaidizi wa mashine, mtu mwenye cheti. Nilikuwa nimeshona magunia miaka saba. Mke wangu alikuwa ameshaanza kuwaambia majirani kwamba mikono yangu itarudi rangi yake.

Mwalimu alinikabidhi wembe, gundi na daftari lile lenye mwandiko wangu mwenyewe: sekunde nane, mbovu, kata.

Nilikaa na wembe mkononi, nadhani mwaka mzima. Mwalimu alisema nusu saa. Nikamwomba kipande kile kibaki. Akauliza sababu. Nikamwambia kuna mama yake. Akasema mama yake hatoi vyeti. Nikaangalia picha zile ndogo dhidi ya mwanga wa dirisha, mia moja tisini na mbili, kila moja ina kijana na muhogo, na kwa imani yangu mimi nilichokuwa nimeshika kilikuwa ni mtu. Nikamkata. Wembe ulipita mara moja, na mwalimu akausifia mkono wangu: akasema kumbe mshona magunia ana mkono wa kazi. Nikakwangua ncha mbili, nikapaka gundi, nikabana. Vipande vibovu vyote vikakusanywa pamoja na takataka za darasa, vikachomwa kwenye shimo nyuma ya choo. Kile cha kwangu hakikuwaka vizuri. Kilijikunja, kikavimba, kikawa kama ngozi ya kuku iliyosahauliwa jikoni.

Nilifaulu. Nilikuwa wa pili kwa darasa zima, na wa kwanza alikuwa karani.

Jumamosi iliyofuata mama akaja kama kawaida, kapu, vumbi, ukili. Akafagia bila kuambiwa. Sasa wewe utafikiri nilikuwa na aibu. Hapana. Wiki nzima nilikuwa nimelala na jambo lile kichwani, na alfajiri ya siku ile nikawa nimelipatia jibu lililonifurahisha mno. Kama kijana hayumo tena ndani ya mkanda, basi ametoka. Na kama ametoka, ataenda wapi zaidi ya kwao? Ningewezaje kukaa miezi yote ile nazungusha mkono, na dawa ilikuwa wembe!

Nikaendesha picha. Wananchi wakainama, wakainuka, kisha picha ikaruka kidogo tu, pale nilipobana gundi, na pakatokea gurudumu la lori letu. Kazi safi. Vidole vya mama vilikuwa vimeshasimama, vinasubiri. Vikasubiri mpaka mkanda ukaisha na ukuta ukabaki mweupe.

"Mtani, hongera," nikamwambia, kwa furaha yote niliyokuwa nayo. "Hayumo tena. Ametoka. Nenda nyumbani ukamsubiri."

Karani akajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Kisha yakaacha kutikisika.

Mama akauliza, "Mmemkata?"

Nikamwambia ilikuwa ni mtihani.

"Kipande kiko wapi?"

Nikainua gunia la dirishani, nikamwonyesha shimo. Aliliangalia kwa muda usiozidi ule wa kijana wake kunyoosha mkono. Halafu akachukua ule ukili wake, bunda zima lililokunjwa duara, akaliweka katika mikono yangu myeusi.

"Mwanangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza asiniite mtani, "nitafutie mwanzo wake. Pale nilipoanza kusuka."

Nikaligeuza geuza. Ncha iliyokuwa nje ilikuwa mbichi, ya siku ile ile. Nikamwambia mwanzo siuoni.

"Uko ndani. Kila kinachokunjwa, mwanzo wake unabaki ndani. Ukiutaka, unakunjua chote, unakunja upya. Na huo mkanda wenu mnauzungusha kwa sababu hiyo hiyo. Harudi mtu."

Akauchukua ukili wake, akautia kapuni.

"Mwanangu amekufa mtoni. Nilizika shati lake, nilijua tangu siku hiyo. Huku nilikuwa nakuja kumwangalia akikaribisha wageni, basi."